Mtu Aliyekataa Kusaini Mahudhurio

Katika miaka yote niliyomjua Nyapara, nilimwona akiweka sahihi mara moja tu, na hiyo nitaifikia mwishoni. Kwanza niseme alivyokuwa, kwa sababu watu wanaosimuliwa habari zake siku hizi hudhani alikuwa mzee mkaidi tu, adui wa maendeleo, na mimi nimechoka kuwasahihisha mmoja mmoja kwenye foleni ya kinu cha kusaga mahindi.

Tulimwita Nyapara kwa sababu alikuwa nyapara. Kwa miaka mingi alisimamia genge la barabara, wale wa kuziba mashimo, kufyeka majani na kuzibua mitaro, kuanzia Voi mjini kushuka upande wa Mombasa mpaka kupita Marungu. Alipostaafu, jina halikustaafu naye. Watoto walimwita Nyapara, mkewe alimwita Nyapara, hata kasisi siku moja nusura ampe ushirika kwa jina hilo. Jina lake la kitambulisho nililijua nikiwa mtu mzima, ilhali nilikulia hatua chache kutoka mlangoni kwake, pale mtaa wa Kaloleni unapoishia na vichaka kuanza.

Alikuwa na nondo. Nondo ya ujenzi hasa, imefika kwapani mwake, ameitia alama ya rangi nyekundu kila futi. Wazee wengine hutembea na bakora za kuegemea. Yake ilikuwa ya kupimia. Alipima vizingiti vya milango, alipima makaburi kabla ya jeneza kufika, alipima nafasi kati ya mabenchi ya kanisa na kumwambia katekista kwamba wanene wanaonewa. Kwenye harusi ya dada yangu alilizunguka hema kabla wageni hawajaja, kisha akamwendea mama. "Hii hema imepungua futi sita. Kuna watu wataota jua." Mama akamwambia aache uchuro. Kufikia saa saba mchana, ukoo mzima wa bwana harusi ulikuwa juani, umejifunika sahani za plastiki kichwani.

Hakuwa mzee wa kukalisha watu na kuwapa mafumbo. Alikuwa na kelele, na nusu ya kelele zake zilihusu maji. Mvua ikianza mchana, wakati sisi tunaanua nguo, yeye alikuwa anatoka, amejitanda gunia la plastiki, kwenda kuangalia maji yanapita wapi. Alijua kila korongo linaloshuka kutoka kilima cha Sagalla, linaingia shamba la nani, linatokea wapi kwenye lami. "Maji hayaulizi njia," alipenda kusema. "Yanakumbuka." Ukijenga mahali maji yalipopita zamani, alikuja kukuambia, hata kama hukumwita, hata kama umeshaezeka. Watu walimfungulia mbwa.

Kauli yake nyingine ilikuwa kwamba barabara ni ya anayeivuka, si ya anayeipita. Hiyo aliisema kwa ajili ya kalvati.

Kalvati ni lile daraja dogo la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Yako mengi, lakini kwetu ukisema kalvati, kila mtu anajua unasema ile moja, nje kidogo ya mji kuelekea Marungu, ambayo genge la Nyapara liliijenga yeye akiwa bado na nywele nyeusi. Maji hupita humo wiki chache kwa mwaka. Siku nyingine zote ni njia ya watu. Nyumba za upande wa chini ziko huku. Shule, zahanati na kinu viko ng'ambo. Mtu mzima mwenye beseni kichwani hupita akiinama kidogo, mbuzi hupita bila kuinama, na watoto hupita wakipiga kelele kusikia sauti zao zikirudi. Juu malori yanateremka kwenda Mombasa kwa mwendo ule mnaoujua. Mimi nilisoma kwa kupita humo tangu darasa la kwanza hadi la nane, na sikuwahi kufundishwa kuvuka lami, kwa sababu hakukuwa na haja.

Kutosaini kwake kulikuwa na chanzo, na alinieleza mara moja tu, tukiwa nje kwake tunachambua pojo. Akiwa bado kazini, mfanyakazi wake mmoja alimwambia mtaro fulani umeshazibuliwa. Ilikuwa Ijumaa jioni, fomu iko mezani, ofisi inafungwa. Nyapara akasaini. Mtaro haukuwa umezibuliwa. Wiki iliyofuata mvua kubwa ilishuka, maji yakakosa pa kupita, yakapanda juu ya lami na kumchukua mwanamke aliyekuwa anavuka na mzigo wake wa kuni.

"Walimpata chini kule," akasema, akaendelea kuchambua. Baadaye kidogo akasema, "Mimi sisaini kitu sijakanyaga. Hata cheti cha kifo changu, mtanipeleka kwanza nione kaburi."

Tangu siku hiyo, mpaka anastaafu, alikwenda na fomu mfukoni, akaingia mtaroni kwa miguu yake na kusaini akiwa amesimama humo humo. Wenzake walimcheka. Mitaro yake ilikuwa misafi.

Lakini msije mkadhani alikuwa mtetezi wa wanyonge. Ndiye aliyetembea na kopo la rangi nyekundu, akipiga alama ya X kwenye kila kilichojengwa ndani ya ardhi ya barabara. Hakumuuliza mtu maoni. Hakuna aliyeitwa kikaoni, hakuna aliyepewa soda. Nilikuwa darasa la sita alipoipiga X kwenye kibanda cha mama, ambamo mama aliuzia madereva chai na mahamri. Mama alimwambia, "Nyapara, wewe ni jirani yangu. Huyu mtoto anakula kwako." Naye akamjibu, "Mama, barabara haina jirani." Tukapewa siku saba.

Asubuhi ya siku ya saba, kabla tingatinga halijafika, alikuja na nyundo, bila sare. Alibandua mabati moja moja bila kuyakunja. Aling'oa misumari, akaketi juu ya jiwe na kuinyoosha yote, mmoja baada ya mwingine, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kumpa mama kwa mikono miwili. Kibanda kilisimama tena, lakini huko nyuma, mahali ambapo dereva hakioni, na chai haikununuliwa tena kama zamani. Mpaka anakufa, mama alisema hajui amlaani mtu yule au amshukuru. Mimi nilijua. Nilimchukia. Nilimpenda pia, kwa ile misumari, lakini chuki ndiyo iliyotangulia, na ilikaa muda mrefu.

Yeye aliniita Binti wa Kibanda, hata baada ya mimi kuajiriwa. Sijui kama alikusudia kunitania au kujikumbusha.

Ndipo zikaja habari kwamba barabara kuu itapanuliwa. Njia nne, tuta liinuliwe, taa, vituo vya malori. Mpaka ninapoandika haya tingatinga bado halijafika; kuna vigingi vyeupe tu kando ya lami, na mbuzi wanajikunia hapo. Sheria inataka wananchi waulizwe kabla ya kazi kuanza. Wenye mradi waliita ushirikishwaji wa umma; sisi tuliita kikao. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya wadi, na kwa kuwa najua Kiswahili, Kiingereza na Kidawida cha kwetu, niliazimwa kwa washauri waliotoka Nairobi, niwe naandika yanayosemwa.

Mkuu wao alikuwa mtu mstaarabu, mwenye subira, aliyechoka kuliko mimi. Alikuwa amefanya vikao hivyo kila kaunti barabara ilikopita. Alinionyesha fomu mbili. Ya kwanza ni ya mahudhurio: namba, jina, kitambulisho, simu, sahihi. Ya pili ni ya maoni: unaandika namba ya mtu kutoka fomu ya kwanza, halafu alichosema.

"Maoni bila namba ni kelele," akaniambia. "Nairobi hawapokei kelele. Na wewe, madam, karani hana maoni. Karani ni sikio."

Kikao cha kwanza kilikuwa ukumbini, mjini Voi. Viti vya plastiki, kipaza sauti kinacholia kama mbuzi, mchoro mkubwa umebandikwa ukutani. Watu waliangalia mchoro kwa mbali, kwa heshima. Nyapara aliuendea, akaweka nondo yake chini na kuusoma kwa kidole, kilomita kwa kilomita, mpaka akafika kwetu. Kisha akageuka.

"Injinia, kalvati yetu iko wapi?"

Injinia alikuwa msichana mpole, mgeni, kofia yake ya kazi bado mpya. "Hapo tumeweka mabomba, Mzee. Matatu. Yatatosha maji, tumepiga hesabu."

"Maji sawa. Na watu?"

"Watu watavukia juu, kwa alama za zebra."

"Njia nne?"

"Njia nne, Mzee."

"Na mtoto wa chekechea? Na bibi ako na kuni?"

Ukumbi ukanong'ona. Injinia akasema ni jambo la kuzingatia, na kwamba Mzee asaini ili maoni yake yaingie. Vijana waliokaa nyuma wakamsaidia: "Sign tu, Nyapara, uchukue soda! Tunachelewa bana!" Kilomita chache mbele ya kwetu, mchoro ule ule ulionyesha njia pana ya chini, ya ndovu wanaotoka mbugani, imepakwa rangi ya kijani. Nyapara aliigusa kwa kidole lakini siku hiyo hakusema kitu juu yake.

"Nitasaini," akasema. "Lakini si hapa. Twendeni wote mpaka kwa kalvati, mkanyage, mpite ndani. Nitasaini nikiwa nimesimama pale."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mkuu wa washauri akatazama saa. Nami niliyeshika kalamu, nikatazama fomu ya maoni, nikaona sina namba ya kuandika. Nikaruka mstari, nikaandika maoni ya mtu aliyefuata, aliyeomba taa.

Nikajiambia ni kanuni. Ilikuwa kweli, kwa siku hiyo.

Kikao cha pili kilifanyika Marungu, kwenye uwanja wa kanisa, chini ya hema la kukodi. Hapo ndipo watu wetu walipokosea, na ni kosa ambalo nadhani watu wetu tu wangeweza kulifanya. Huku kwetu kila ukoo una hadithi ya babu aliyeweka kidole kwenye karatasi ya mgeni, akaamka hana shamba. Kwa hiyo Nyapara aliposimama na kukataa tena kusaini, watu wa upande wa chini hawakuona mzee mkaidi. Waliona mtu mwenye akili. Fomu ya mahudhurio ilipopita mstari wao, ilipita kama sahani ya sadaka kwa watu wasio na kitu, kutoka mkono hadi mkono, nyeupe. Mama mmoja alinirudishia na kuniambia kwa sauti ya kunifariji, "Tukikanyaga tutasaini, mwanangu. Bila sahihi zetu wataijenga vipi?"

Waliamini kabisa kwamba wameikaba barabara koo. Walisema siku hiyo kuliko siku zote. Walisema juu ya watoto, juu ya wajawazito wanaokwenda zahanati, juu ya mwanamke wa kuni. Viti viliisha, watu wakasimama. Na mimi nilijua, mtu pekee uwanjani aliyejua kwa hakika, kwamba kila neno lilikuwa linaanguka chini. Ningeweza kusimama na kusema: jamani, hii fomu si ya kukubali, ni ya kuonyesha kwamba mlikuja. Nusu dakika tu. Sikusema. Karani ni sikio. Na nitasema ukweli wote: nilipomwona ameshika nondo yake, akidai kuulizwa, nilimsikia akimwambia mama kwamba barabara haina jirani. Nikaona acha naye aionje.

Haikuwa hasira kubwa. Ilikuwa ndogo, lakini kazi yake iliifanya.

Mkuu wa washauri aliniuliza garini, "Wale wa upande wa chini walisemaje?" Nikamwambia hawakusaini. Akashusha pumzi, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kikao cha tatu kilikuwa Wusi, huko milimani, ambako barabara kuu haifiki, lakini kulikuwa na habari ya barabara ya kupandia. Sikumtarajia Nyapara huko. Nilimwona akishuka kutoka nyuma ya lori la mchanga, amepauka vumbi mpaka kope. Wakulima wa Wusi walikuwa wanazungumzia mahali pa kupakia kabeji zao, naye akasubiri mpaka wamalize, bila kelele hata moja, jambo lililonishangaza. Kisha akamwendea yule msichana injinia pembeni, akavua kofia.

"Mama, mimi nilikuwa nikifanya kazi yako, ile ya chini. Nakuomba siku moja tu."

Sijawahi kumsikia akiomba, kabla ya hapo wala baadaye. Injinia alimtazama na nadhani alimwona. Akamwambia, "Alhamisi, Mzee. Nitakuja mwenyewe."

Alhamisi hiyo watu wa upande wa chini waliifagia kalvati. Nilipita asubuhi nikielekea kazini nikawaona: kina mama na fagio, wakitoa mchanga, chupa na mavi ya mbuzi, wanamwagia maji vumbi litulie. Mtu alikuwa ameleta kiti cha sebuleni, cha mto, akakiweka pale mdomoni mwa kalvati kwa ajili ya mgeni. Nyapara alivaa koti. Karibu saa sita injinia alinipigia simu kutoka njiani. Ameitwa Nairobi ghafla, hatafika, tafadhali niwaambie wazee. Sauti yake ilikuwa ya aibu. Nilimpigia Nyapara. Simu yake ilikuwa imezimwa, kama kawaida, kwa kuhifadhi chaji. Kutoka ofisini hadi kalvatini ni mwendo wa nusu saa. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na ripoti ya mtu mwingine ya kupiga chapa, na nilikuwa nimechoka. Sina sababu nyingine. Walimngoja hadi jioni. Niliporudi nyumbani kiti bado kilikuwa pale, na Nyapara amesimama kando yake, hakukikalia.

"Hajakuja," akaniambia.

"Aliitwa Nairobi."

"Alisema?"

"Alisema."

Akaniangalia kidogo, akakibeba kiti kukirudisha kwa mwenyewe.

Baada ya hapo alitulia, na utulivu wake ulinisumbua kuliko kelele. Mguu wa kulia ulianza kumkatalia. Mvua zikaja, watu wakajenga walipojenga, na hakwenda kumwambia mtu.

Ripoti ilitoka baada ya miezi kadhaa. Kitabu kinene, kwa Kiingereza, kikawekwa kwenye ofisi ya wadi wananchi wakisome na kutoa maoni ya mwisho kwa muda wa siku kumi na nne. Kilikaa kwenye rafu nyuma yangu. Siku tisa zikapita, hakuna aliyekuja. Nilikuwa nakipa mgongo, lakini nilijua kiko pale. Siku ya kumi, mchana, nilikichukua nikakitia kwenye kiondo, nikafunga ofisi mapema na kwenda kwa Nyapara.

Alikuwa ameketi nje, mguu juu ya kigoda.

"Binti wa Kibanda. Umeleta kitabu."

"Nimeleta, Mzee."

"Nisomee yetu."

Nilifungua ukurasa, nikamtafsiria polepole. Katika eneo hili hakukutolewa pingamizi lolote. Wakazi waliohudhuria walikuwa wachache, na walionekana kuunga mkono mradi.

"Wachache," akasema. "Marungu viti viliisha."

"Waliosaini ndio walikuwa wachache."

"Nani aliandika?"

"Washauri ndio waliandika kitabu. Lakini walitoa kwa fomu zangu. Ni mimi."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele, na ningezipokea. Hazikuja. Kuku wake walikuwa wanaparua karibu na miguu yetu, akawafukuza kwa ncha ya nondo.

"Na ndovu?" akauliza.

"Ndovu wamepewa njia, Mzee. Pana kushinda hii nyumba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ndovu hakuna mmoja alisaini. Hata kwa kikao hawakuja."

"Wana watu wa kuwasemea."

"Ehe." Akajipangusa macho. "Na sisi tulikuwa na wewe."

Hakuisema kwa ukali. Ningependa angeisema kwa ukali. Nikamweleza yote, juu ya namba, juu ya kelele, juu ya ile simu ya Alhamisi na nusu saa ya jua. Aliendelea kuniangalia, nikajua bado anangoja, nikamalizia kwa kibanda.

"Ni ile X?"

"Ni ile X, kidogo."

Akaushusha mguu kutoka kigodani. "Mama yako sikumuuliza," akasema. "Niliambiwa piga, nikapiga. Siku ile ungeniuliza, ningekuambia ndio kazi." Akashika magoti yake kama mtu anayetaka kuinuka. "Misumari niliinyoosha yote. Mmoja ulivunjika. Huo sikumwambia."

Sijui kwa nini ni msumari ule ulioniliza, baada ya miaka yote ile, lakini ndio ulioniliza. Alisubiri nimalize.

"Siku ngapi zimebaki?"

"Nne."

"Twende."

Kutoka kwake hadi kalvatini, zamani, ilikuwa mwendo mfupi tu. Siku hiyo ilituchukua karibu saa nzima. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiiegemea ile nondo, na kila hatua ilikuwa inaacha tundu dogo mchangani. Nilimpa bega, akalikataa, kisha akalikubali. Tulifika shule ikiwa imeachiliwa. Watoto walikuwa wanapita, wanapiga kelele zile zile, wakatusalimu bila kusimama: shikamoo Nyapara, shikamoo Nyapara. Ndani kulikuwa na ubaridi. Sikuwa nimeingia humo tangu nianze kuvaa viatu vya ofisi. Lori lilipita juu, vumbi jembamba likatuangukia mabegani.

Alisimama katikati, akasimamisha nondo ukutani.

"Andika. Kimo, futi sita na nusu. Upana, futi saba. Tangu tuingie, watoto kumi na mmoja, kina mama wawili. Mbuzi usiandike, watatucheka."

Nikaandika.

"Andika, ilikuwa imefagiwa."

Nikaandika hilo pia.

"Sasa leta hiyo fomu."

Mwishoni mwa kitabu kulikuwa na ukurasa wa maoni ya maandishi, wenye nafasi ya jina, kitambulisho na sahihi. Haukuhitaji mahudhurio. Nilijaza maneno yake kwa Kiingereza, nikamsomea kwa Kiswahili, akanirekebisha mahali pawili. Kisha akaegemeza ukurasa kwenye zege lake mwenyewe na kuandika majina yake yote matatu, kwa ule mwandiko wa shule za zamani, herufi moja baada ya nyingine. Akasaini. Akarudia mkia wa herufi ya mwisho ili uonekane.

Nilinyoosha mkono nichukue kitabu. Alinipa kalamu peke yake, kitabu akakishikilia pale pale ukutani.

"Na wewe."

"Mimi ni karani, Mzee. Sitakiwi kutoa maoni. Watanifuta kazi."

"Umekanyaga ama hujakanyaga?"

Nikaangalia chini. Viatu vyangu vilikuwa vimejaa mchanga mpaka kwenye soksi. Nilifikiria kazi, nikafikiria wale watu wa Nairobi wakilisoma jina langu, na kweli hawakuniazima tena baada ya hapo, wala mtu mwingine hakuniazima. Mtoto mmoja aliyechelewa alipita katikati yetu akikimbia, mkoba unampiga mgongoni, akatokea upande wa pili kwenye jua.

"Nimekanyaga," nikasema.

Nikaandika jina langu chini ya lake, nikasaini. Nyapara alilisoma kwa kidole, kama alivyousoma ule mchoro, akafunga kitabu na kunirudishia.

"Haya," akasema, akichukua nondo yake ukutani. "Sasa tumehudhuria."